Wanasiasa watoe sadaka kama sisi, bila kipaza sauti

Mhariri,

Kila mwanasiasa akichanga kanisani tunakimbilia kuhesabu. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza Rais William Ruto arudishiwe mchango wa parokia ya Soweto, tulihesabu. Machi 2025 ikawa zamu ya kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, Nairobi: Ruto aliahidi shilingi milioni 20, na vijana wakaandamana.

Mimi kinachonikera zaidi ni kipaza sauti. Mheshimiwa akitarajiwa kwetu, akina mama wazee huondolewa benchi la mbele ili walinzi wapate pa kukaa. Mahubiri hukatwa. Mzee wa kanisa, yule yule anayetukaripia tukichelewa, humwita mgeni "asalimie" washirika, na salamu hizo huenda dakika arobaini, mpinzani akitukanwa katikati. Kisha bahasha huinuliwa juu, kiasi hutajwa, vigelegele hupigwa. Mama mboga aliyetia shilingi hamsini kapuni hatajwi, na ndivyo Mathayo 6 inavyotaka: mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Mbona basi fungu hilo limbane yeye tu?

Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alijaribu kulimaliza hili Septemba 2021 kule Butere, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu. Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwepo, na hawakupewa nafasi ya kuhutubu. Nilimshangilia. Ila maagizo hutoka makao makuu, na paa linalovuja liko huku mashinani. Mchungaji wa kijijini si lazima awe mlafi. Ana ukuta ulioishia kwenye linta na kamati inayomuuliza kila Jumapili utaisha lini. Nasi washirika tusijitie usafi: ibada ikiisha tu, swali letu la kwanza ni "ameacha ngapi?"

Napendekeza mwanasiasa atume mchango wake kwa paybill ya kanisa, yaani namba yake ya kupokea pesa kwa simu, kama sisi wengine, jina lake lisisomwe, na hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi. Aketi popote atakapopata nafasi. Anayemtolea Mungu hatapungukiwa na kitu.

Hoja hii nimeshaiwasilisha kwa kamati yetu ya maendeleo. Nimeambiwa ni nzuri sana, na kwamba itajadiliwa baada ya uchaguzi wa 2027.

Mshirika,
Nakuru