Chanjo na tiba ya mapema hazikupaswa kugombanishwa

Mhariri,

Kila mjadala wa UVIKO-19 unapofufuliwa, wachangiaji hujipanga pande mbili, wa chanjo huku na wa tiba ya mapema kule, kana kwamba anayekubali moja ni lazima aikane nyingine. Naomba nafasi niseme kwamba mgawanyiko huo ulituumiza, na kwamba pande zote mbili zina la kujibu.

Tukumbuke Machi 2021. Dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya AstraZeneca ziliwasili Nairobi tarehe 3 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo, na muda si muda Chama cha Madaktari Wakatoliki, chini ya Dkt Stephen Karanja, kikawashauri watu wazikatae, huku kikipendekeza kujifukiza na dawa kama hydroxychloroquine na ivermectin. Maaskofu wa Kanisa lilo hilo wakasema chanjo ni halali. Dkt Karanja alifariki kwa UVIKO mwezi uliofuata, na wapo waliokigeuza kifo chake kuwa hoja. Mimi naona kifo cha mtu mmoja hakithibitishi lolote katika sayansi, sawa na kupona kwa jirani aliyejifukiza kwa majani ya mkaratusi.

Kinachothibitisha ni majaribio. Nchini Brazil, ivermectin ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,300 waliokuwa katika siku za mwanzo za ugonjwa, na haikupunguza idadi ya waliolazwa hospitalini. Dexamethasone, ambayo ni dawa ya bei ya chini, ilionyesha katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 kwamba hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, ilhali haikuwafaa hata kidogo wasiohitaji oksijeni. Hata hivyo, kuna watu waliokuwa wakiimeza nyumbani mara tu walipoanza kukohoa.

Pamoja na hayo, waliodai tiba ya mapema walikuwa na malalamiko ya haki. Mgonjwa alipimwa, akaambiwa ajitenge nyumbani, anywe paracetamol na arudi akishindwa kupumua. Oksijeni katika damu inaweza kushuka mno kabla mtu hajahisi kuhema, na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, ambacho kingeonyesha kwamba amefika chini ya asilimia 90, familia nyingi hazikuwa nacho. Mtu aliyerudishwa nyumbani mikono mitupu hawezi kulaumiwa sana kwa kununua alichoelekezwa na rafiki. Nao watetezi wa chanjo, nikiwemo mimi, tuliharibu pale maswali kuhusu visa nadra vya damu kuganda, vilivyozifanya nchi kadhaa za Ulaya kuisimamisha AstraZeneca kwa muda, yalipojibiwa kwa kejeli.

Dawa ya mapema iliyothibitika, Paxlovid, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2021. Ni lazima ianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili zijitokeze, kwa hiyo haina maana mahali ambapo majibu ya vipimo huchukua muda huo huo kutoka. Ndiyo maana naiomba Wizara ya Afya na serikali za kaunti, zinapopanga bajeti ya mlipuko ujao, zisitenge fedha za chanjo peke yake: kila zahanati iwe na vipimo vya haraka na vifaa vya kupimia oksijeni, na orodha ya dawa zilizojaribiwa zikashindwa ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili.

Msomaji,
Mombasa