Sherehe za usiku: tuvae kwa ajili ya kusimama, sio kutembea

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu hizi sherehe za usiku msimu wa sikukuu, zile za nje, watu wamejaa wanasubiri taa na fataki na nyimbo. Mimi nazipenda mno na sitaki mtu abaki ndani kisa baridi. Ila kuna kitu tunakikosea kila mwaka, na wanaoumia ni watoto na wazee.

Tunavaa kwa ajili ya njiani. Unatoka nyumbani unatembea haraka haraka, mwili umechemka, unajiona uko sawa na jaketi lako moja, halafu ukifika unasimama palepale masaa mawili matatu bila kusogea na jasho la njiani limeshalowesha fulana ya pamba, na pamba ikilowa haikauki mapema, inakung'ang'ania mgongoni inakunyonya joto lote. Mwaka jana yalinikuta. Nilikuwa nimembeba mwanangu wa miaka mitatu, natembea nasikia joto nikadhani na yeye yuko hivyohivyo, kumbe mwenzangu amekaa tu mikononi, miguu inaning'inia kwenye upepo. Akanyamaza. Nikadhani usingizi. Kumgusa vidole vya miguu ni baridi kama chuma na midomo imebadilika rangi, tukakimbilia ndani hata fataki hazijaanza, na mpaka leo nikikumbuka ule ukimya wake nasikia vibaya sana.

Mwili wa mtoto ni mdogo, unapoteza joto haraka kuliko wetu, na kichanga hata kutetemeka hawezi vizuri. Mzee naye anaweza akawa ameshapoa na wala hajisikii. Kwa hiyo usimuulize tu unasikia baridi ukaridhika na jibu, ingiza mkono kifuani au nyuma ya shingo ujionee mwenyewe.

Kuhusu nguo, koti zito peke yake halitoshi. Kinachokupa joto ni ile hewa iliyotulia katikati ya nguo na nguo, ndo maana nguo tatu nyepesi zinaweza kushinda koti moja nene: ndani kabisa kitu cha sufu au poliesta, juu yake sweta, halafu cha nje kiwe hakipitishi upepo, na ukitembea ukaanza kutoka jasho vua moja mapema ukifika uvae tena. Jinzi nazo ni pamba, mimi nimeachana nazo kabisa usiku wa baridi. Watu wengi pia wanavaa soksi pea mbili ndani ya kiatu kinachobana, damu haipiti vizuri na miguu inazidi kuganda, bora pea moja nzito ya sufu na kiatu chenye nafasi. Na mkisimama sehemu moja muda mrefu tandikeni hata kipande cha boksi chini ya miguu, ardhi inanyonya joto kupitia soli, hilo wengi hatuliwazi kabisa.

Wanaosema pombe inapasha mwili joto, jamani hapana. Inafungua mishipa ya damu kwenye ngozi, unasikia uso unawaka, kumbe joto la ndani ndo linatoka hivyo. Mwili wa mtu uko kwenye nyuzi 37 hivi, ukishuka chini ya 35 ni hatari, na ukiona mtu alikuwa anatetemeka halafu ameacha ila bado yuko kwenye baridi, anaongea kama amelewa au anajikwaa, usidhani amepata nafuu, mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike mwili mzima na kichwa, na mtafutie msaada wa daktari haraka.

Mwisho nina ombi kwa waandaaji. Tengeni kona iliyokingwa upepo kwa wenye watoto wadogo na wazee, hata turubai tu linatosha. Na ratiba ikisema fataki ni saa tatu basi iwe saa tatu kweli, msitusogezee mpaka saa tano ili watu waongezeke, maana sisi wazazi tunapiga hesabu ya nguo za watoto kwa muda mliotuambia nyinyi.

Ni mimi mzazi, msomaji wenu.