Mama asinyang'anywe funguo

Moshi

Mpendwa Mama Doreen,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, mvua tu ndiyo imezidi na mlima hauonekani. Ujumbe wako kuhusu mama kusahau sahau nimeusoma, nikaona haya si ya kuongea kwa simu ya haraka haraka.

Kwanza, kaka yako anayedai funguo za duka mwambie atulie. Mama kurudia swali lile lile asubuhi nzima, au kulitafuta jina la jirani asilipate, si jambo la kupuuza. Lakini umesema mwenyewe kwamba chenji anarudisha sawasawa, na waliokopa sukari anawajua mmoja mmoja. Basi hiyo bado si demensia, yaani akili kudhoofika hadi mtu ashindwe shughuli zake za kila siku. Ni upungufu mdogo wa utambuzi: kumbukumbu imeshuka kuliko ilivyotarajiwa kwa umri wake, ila shughuli zake anazimudu. Mpaka uko hapo kwenye kumudu. Mkimnyang'anya duka leo, mtakuwa mmemsukuma wenyewe.

Na hajarogwa, shoga. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kilijumlisha tafiti nyingi: kwa wenye miaka 60 hadi 64 hali hii iko kwa karibu asilimia 7, kwa wa 75 hadi 79 karibu asilimia 15, na kwa wa 80 hadi 84 inafika asilimia 25. Mama ana 78. Wahesabu wazee wa rika lake pale jumuiya, utaona lazima wapo wenzake, ila watoto wao wamenyamaza.

Sikufichi, wengine huendelea hadi demensia: kati ya wenye hali hii waliovuka miaka 65, kama asilimia 15 waliipata ndani ya miaka miwili. Lakini wapo wanaobaki hapo hapo, na wapo wanaorudi sawa kabisa. Ndiyo maana namtaka hospitali. Apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, na masikio msiyasahau. Kuna bibi hospitalini tuliyemtajia maneno ayakumbuke, akawa anatabasamu tu. Wanawe walishamkatia tamaa, kumbe masikio yamejaa nta. Na tangu mzee afariki, mama analala? Anakula? Huzuni nayo inakula kumbukumbu. Dawa zake zote zitie kwenye mfuko mje nazo, hata zile za mafua zinazoleta usingizi.

Wakimpa njiti za kiberiti apange umbo, asione anafanywa mtoto. Kipimo chenye sehemu hiyo kilitengenezewa wilayani Hai, hapa jirani, kwa kuwa wazee wengi hawakusoma, na kumwambia mtu achore saa wakati kalamu hajaizoea ni kumwonea. Wataweza pia kumtaka ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Usimsaidie! Nakujua wewe.

Zile chupa za mitishamba ya "kurudisha akili" wanazotembeza stendi, usitoe hela yako. Afadhali atembee. Kanisani aende kwa miguu kama zamani, hiyo bodaboda mliyomwekea ifuteni.

Mje wiki ijayo na gari la asubuhi, mtalala kwangu. Kaka yako naye aje, asikie kwa daktari mwenyewe, maana wewe hatakusikiliza.

Wako,
Mama Brayani