Mgonjwa mpya wa kisukari afundishwe kupika vyakula vya huku kwetu

Ndugu mhariri, pole na kazi, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Mimi ni mama, mkulima wa viazi huku Isongole wilaya ya Rungwe, na mwaka huu nimeambiwa nina kisukari, ile aina ya pili ya watu wazima. Nilikuwa na kiu haiishi, usiku nakojoa mpaka usingizi hakuna, macho yana ukungu. Nilivyopimwa asubuhi sijala kitu sukari ya damu ikasoma 13 (kwa mashine ya mmol/L), na ukishafika 7 hujala wakarudia wakakuta hivohivo ujue ndo kisukari tayari.

Dawa nimepata, metfomini, namezea na chakula maana tumbo tupu linasokota. Kwenye dawa sina neno. Neno langu ni chakula, maana siku ile niliambiwa tu "mama acha wanga, punguza sukari" alafu akaitwa mwingine. Sasa mhariri, mtu wa Rungwe ukimwambia aache wanga umemwambia aache kula! Asubuhi viazi, mchana ugali, jioni ndizi, mgeni akija unapika mchele wa Kyela, na hela ya ada ya watoto inatoka kwenye hivohivo viazi. Nilirudi nyumbani nikawa naogopa sufuria yangu mwenyewe, nashindia mchicha na maji, nguvu za kushika jembe zikaisha.

Aliyenisaidia ni nesi mstaafu jirani yetu, alikuja jikoni kwangu akachukua sahani akaigawa kwa mkono: nusu mboga, robo maharage au samaki au yai, robo ndo ugali au viazi, basi. Sio kuacha ni kipimo, na usichanganye viazi na ugali mlo mmoja. Dona badala ya sembe, ndizi mbichi za kupika badala ya zilizoiva maana zilizoiva zinapandisha haraka, chai bila sukari. Na parachichi, ambalo huku tunalo hadi yanaoza chini ya mti, halina wanga wa kutisha kabisa, linashibisha, na mimi nilikuwa nimeshaliweka kwenye orodha ya vitu vya kuogopa kwa sababu hakuna aliyeniambia. Saivi nikipima asubuhi naona 7, siku nyingine 6 na kitu, japo stripu za kupimia zinakula hela kweli na siwezi kupima kila siku.

Kingine alichonieleza ni miguu, na hili naomba wasomaji wa huku kwenye baridi walisikie vizuri. Mwezi wa sita na wa saba sisi wote tunaota moto, miguu inasogezwa kwenye jiko la mkaa. Kisukari kikikaa muda mrefu kinaua hisia za nyayo, mtu anaungua hajui, kidonda kinachelewa kupona na wengine ndo wanaishia kukatwa mguu. Vaeni soksi nene jamani, na kila jioni angalia nyayo zako, kama huoni vizuri mwite mtoto akuangalie.

Ndugu na majirani nao tunawaomba. Kwenye misiba na harusi mtu akikataa soda msimwone anaringa, mpeni maji. Na wale wanaokuja na chupa za mizizi wanasema tupa vidonge hivyo utapona, naumia sana nikiwasikia, kuna watu wanawaamini kwa sababu hakuna mwingine aliyekaa nao chini akawaeleza.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya na mikoa yetu, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, ni kwamba siku za kliniki ya sukari itengwe hata nusu saa wagonjwa wapya wafundishwe kwa sahani na chakula cha hapahapa, na aje pia yule anayepika nyumbani, maana kuna mababa hawajui hata chumvi inakaa wapi. Tarehe 14 Novemba ni siku ya kisukari duniani, sehemu nyingi watu wanapimwa bure na ni jambo zuri sana, ila mwaka huu siku hiyo lipikwe pia sufuria la chakula watu waone. Kwa huku kwetu Rungwe viazi, majani ya maboga na parachichi vya kufundishia nitaleta mimi, sitaki hela.

Msomaji wako,
Mama mkulima, Isongole, Rungwe