Mbolea siyo feki, udongo wetu ndo umechachuka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalotuumiza sisi wakulima wa mahindi huku Mbozi. Kila msimu ukienda vibaya utasikia mbolea feki, mbolea feki, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, maana shamba alilotuachia mzee lilikuwa linatoa gunia 20 na zaidi kwa ekari, mwaka jana nimetoa 8 tu na mbolea nimeweka ile ile ya siku zote, DAP ya kupandia na Urea ya kukuzia, ikikosekana Urea nachukua SA (salfeti ya amonia). Mahindi yakafika magotini majani yamekuwa ya zambarau, nikaongeza mfuko, wapi.

Ndo nikapeleka udongo kituo cha utafiti wa kilimo Uyole, Mbeya, ukapimwe. pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) 4.8! Mahindi yanataka angalau 5.5.

Kumbe mbolea ilikuwa nzima kabisa. Hizi mbolea zenye amonia, bakteria wa udongoni wakishaigeuza ile amonia kuwa naitreti inabaki asidi, kidogo kidogo kila msimu, na sisi tumeweka zaidi ya miaka 20 hatujawahi kurudisha chokaa hata debe moja. SA ndo kali kuliko zote, kilo 100 zake zinataka kama kilo 110 za chokaa kuiondoa asidi yake, CAN, nayo ya kukuzia, ina nafuu kwa sababu inakuja na chokaa ndani. Udongo ukichachuka, fosforasi ya kwenye DAP inashikwa na alumini mmea hauipati, ndo ile zambarau niliyoiona, na mizizi inadumaa, yani hela yako umeifukia imelala pale pale.

Alafu jamani tuache kurusha Urea juu juu. Ile harufu kali ni naitrojeni yako inapotelea hewani. Kifuniko kimoja cha soda pembeni ya shina, fukia, basi.

Mimi sikatai mbolea, bila mbolea huku huvuni kitu, na hii ruzuku iliyoanza 2022 tunaishukuru sana, mfuko umeshuka kweli. Ila kwa wakala wetu nakuta Urea, DAP, SA, chokaa ya kilimo hakuna, wakati mawe ya chokaa yanachimbwa hapo Songwe tu, na unajisajili unapewa mifuko yako hakuna anayekuuliza udongo ulipima lini. Naomba wahusika chokaa ije na ruzuku kama mbolea, na mabwana shamba wapite vijijini na vipimo, na chokaa ifike madukani kufikia Septemba maana inatakiwa ichanganyike na udongo miezi 2 au 3 kabla ya kupanda, ikija Desemba pamoja na ya kukuzia msimu ushatupita.

Mkulima wa mahindi,
Mbozi, Songwe