Kamera ya kumwangalizia mtoto: sauti kwanza, picha baadaye

Mhariri,

Matangazo ya kamera za nyumbani humwonyesha mtoto mchanga amelala fofofo, kisha husifia ukali wa picha na lenzi inayozunguka. Mnunuzi anaingia mkenge hapo hapo. Usiku wa manane mlezi hatazami skrini. Naye kalala, anategemea sikio. Kamera nyingi za aina hii zimeundwa kulinda mlango na ua: zinangoja kitu kitikisike, zinarekodi, zinatuma arifa. Kumsikiliza mtoto saa kumi mfululizo ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo la kwanza kupima ni kama sauti inaendelea kusikika skrini ya simu ikiwa imezimwa. Programu nyingi huikata mara tu unapozima skrini au kufungua programu nyingine. Hata zile zinazoiacha iendelee huweza kufungwa na simu yenyewe, kwa kuwa mfumo wa kubana betri huziondoa programu zilizokaa muda bila kuguswa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu ya kamera ifanye kazi bila kikomo. Arifa peke yake hazitoshi: kamera nyingi zikishatuma moja hutulia kwa muda kabla ya kutuma nyingine, ili zisimchoshe mwenyewe. Mtoto akijigeuza saa saba na nusu usiku, arifa inatumwa na wewe unaendelea kulala. Akianza kulia dakika moja baadaye, simu iko kimya. Mwenye simu ya zamani aitenge iwe ya kamera tu, ikae kwenye chaja, sauti juu.

Kuna pia njia inayopitiwa na picha. Kamera na simu zinaweza kuwa vyumba vya jirani, lakini picha ikasafiri kwanza hadi kwenye seva (kompyuta za mbali) za mtengenezaji ndipo irudi. Intaneti ikikatika, kamera inakuwa pambo la ukutani. Kipimo chake: chomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta (au toa laini kama ni ruta inayotumia laini ya simu) huku ruta ikiendelea kuwaka, zima data ya simu, kisha fungua programu upya. Picha ikija, vifaa hivyo vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Anayetumia bando apige na hesabu: picha ya 1080p (kiwango cha ukali wa picha) inayopita kwa megabiti 2 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 0.9 kwa saa, yaani gigabaiti 9 kwa usiku wa saa kumi.

Kwa maoni yangu, miezi ya mwanzo kifaa maalumu cha kumsikilizia mtoto, chenye kipokezi chake na kisichogusa intaneti, kinaishinda kamera ya Wi-Fi. Hakizimwi na simu, na vingi hupiga mlio kipokezi kikipoteza mawimbi. Kasoro yake ni kwamba ukiwa kazini huoni kitu.

Aliyekwisha nunua kamera ya Wi-Fi asihangaike sana. Ikikataa kuunganishwa ilhali nywila ni sahihi, aangalie kwanza kama simu iko kwenye masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz, maana kamera nyingi hushika 2.4 GHz tu. Picha ya usiku ikiwa nyeupe tupu, mara nyingi ni miale ya infraredi, mwanga ambao kamera hutumia kuona gizani, inayogonga chandarua, kioo au ukuta ulio karibu na lenzi na kurudi. Sogeza kamera hadi mbele ya lenzi pawe wazi. Taa za infraredi za nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) huonekana kama vidoa vyekundu gizani, na za 940 hazionekani ila huangaza umbali mfupi zaidi.

Tatizo linalowatoa watu jasho bure ni kamera inayofanya kazi vizuri mchana kutwa, kisha inajizima na kujiwasha giza likiingia. Mara nyingi haijaharibika. Taa za infraredi zikiwaka, umeme unaohitajika unaongezeka, na waya wa USB mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani. Kamera ya volti 5 inapata pungufu, inaanguka. Rudisha waya uliokuja nayo. Kama haufiki, refusha upande wa soketi ya ukutani, si upande wa USB.

Na waya huo usikae karibu na kitanda. Mwaka 2011 nchini Marekani vifaa takriban milioni 1.7 vya kuangalizia watoto vilitolewa onyo rasmi baada ya watoto wawili kunyongwa na waya. Acha angalau mita moja kutoka kitandani, ukihesabu mkono wa mtoto atakayesimama miezi michache ijayo, na waya ubanwe ukutani kwa vibanio. Gundi ya karatasi huachia.

Vipima joto vilivyo ndani ya kamera visiaminiwe sana, kwani kamera yenyewe inachemka na kukipandisha kipimo. Zinazodai kupima pumzi ni hivyo hivyo: madaktari wa watoto wa Marekani hawashauri kutegemea vifaa vya nyumbani kuzuia vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu, bila mito.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera chungu nzima kwa kujaribu nywila hizo tu. Tangu 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inakataza nywila rahisi za kiwandani, na inamtaka mtengenezaji atangaze ataendelea kutoa masasisho ya usalama hadi lini. Wauzaji wa kwingineko hawahitaji kungoja sheria: waandike tarehe ya mwisho wa masasisho kwenye boksi, na kando yake waeleze kama kamera inafanya kazi bila intaneti.

Fundi wa kamera na mitandao ya nyumbani