Enlaja si chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Jumatatu iliyopita nilipita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Ngamiani, Tanga, nikakuta juu ya mzani wake mashine ya kukuzia picha, ile ambayo sisi watu wa studio tuliiita enlaja. Ilikuwa Opemus ya kiwanda cha Meopta, cha kule Přerov, Czechoslovakia ya zamani. Mzani ulisoma kilo 13. Nguzo ilishakatwa kwa msumeno ili mzigo uingie kwenye gunia. Lenzi ilikuwa bado mahali pake, na kwenye kishikio cha negativu, yaani kipande cha mkanda uliopigwa picha, kulikuwa na picha moja ya mtoto aliyesimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi. Hakuna aliyehangaika hata kuitoa.

Nguzo ikishakatwa, mashine imekwisha. Nililipa nikachukua lenzi, vioo viwili vya ndani na ile negativu. Hii ni ya tatu kuiona ikiishia mzanini. Mzee mwenye studio anafariki, watoto wanafungua chumba cha nyuma kilichofungwa miaka mingi, wanakuta dude la chuma lenye shingo ndefu, wanauliza, wanaambiwa halina kazi tena. Linauzwa kwa kilo, na makasha ya negativu yanachomwa na taka siku hiyohiyo. Barua hii nawaandikia watoto hao.

Mwaka jana kijana wa jirani alinijia na simu yake. Alikuwa na picha ya marehemu babu yake, ameipiga kutoka kwenye picha iliyoliwa na mchwa, nusu ya uso haipo. Akaniambia babu alikuwa shabiki wa Coastal Union, timu ya mpira ya hapa Tanga. Hapo nikakumbuka. Timu ilipotwaa ubingwa mwaka 1988 nilipiga mikanda minne barabarani kwa Yashica ya lenzi mbili, na negativu zake za sentimita 6 kwa 6 ninazo hadi leo kwenye bahasha za karatasi zilizoandikwa tarehe. Usiku ule tulikaa dakirumu, chumba cha giza cha kusafishia picha, wote wawili. Babu alijitokeza kwenye trei polepole: kwanza masharubu, halafu tairi za baiskeli aliyoiegemea, uso mwishoni. Negativu ile ni kubwa, kwa hiyo tuliweza kusoma hadi kibao cha duka lililokuwa nyuma yake. Kijana hakusema neno mpaka picha ilipoingia kwenye maji.

Enlaja niliyotumia usiku ule niliinunua mwaka 1979, na ilikuwa imelala miaka minane bila kuwashwa. Kuifufua kulinichukua siku tatu. Nitaeleza nilivyofanya, ili mwenye nayo ndani asiogope.

Kabla ya kuichomeka kwenye umeme, tazama waya. Nyaya za zamani karibu na holda ya balbu huiva kwa joto, plastiki yake ikawa kama ganda la yai, ukiigusa inapukutika. Na nyingi zilikuja na nyaya mbili tu, bila ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ilhali mwili wote ni chuma na wewe mikono yako imelowa dawa. Mimi nilipigwa shoti mwaka 1983 nikaanguka na trei zote. Mwite fundi umeme aweke waya mpya wa nyuzi tatu unaostahimili joto, na ethi ifungwe kwenye mwili wa mashine. Hapo usibane pesa.

Jambo la pili ni springi iliyomo kwenye nguzo. Ndiyo inayobeba uzito wa kichwa, ile sehemu ya juu yenye balbu, negativu na lenzi, ili kiweze kupanda na kushuka kwa mkono mmoja. Ukikivua kichwa kikiwa chini, kile kishikizo chake kilichobaki kwenye nguzo kitaruka juu kwa nguvu ya kuvunja kidole. Kipandishe hadi mwisho wa juu, ukikaze, ndipo uanze kufungua. Na lile sanduku la springi yenyewe liache lilivyo.

Ukishaisimika, iwe kwenye meza nzito iliyoegemezwa ukutani, na ncha ya juu ya nguzo uifunge ukutani kwa kipande cha bati. Lori likipita nje, kichwa kinatetemeka, na picha inayopigwa mwanga sekunde 15 inatoka kama imepigwa na mlevi. Miaka yote nilikuwa nasubiri malori yapite.

Sasa kazi yenyewe ya fundi. Vitu vitatu lazima viwe sambamba: ubao wa chini, negativu na lenzi. Kimoja kikiinama nywele moja tu, upande mmoja wa picha unakuwa mkali na wa pili una ukungu, na wengi hapo hulaumu lenzi. Mimi huanza na pimamaji ndogo ya fundi mwashi. Naiweka kwenye ubao, halafu kwenye kishikio cha negativu, halafu nalinganisha na ubao wa lenzi. Si lazima povu likae katikati, meza yenyewe inaweza kuwa imeinama; ninachotaka ni povu likae palepale katika sehemu zote tatu. Kisha nathibitisha kwa macho. Nachukua kipande cha mkanda kilichoungua kwa mwanga kikawa cheusi tii, nakikwaruza kwa sindano mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe. Nakiweka kwenye kishikio, nafungua tundu la lenzi lote, natazama mistari ile inavyong'aa kwenye karatasi nyeupe ubaoni. Pembe zote nne zikiwa kali kama wembe kwa pamoja, kazi imekwisha. Isipokuwa hivyo, nalegeza skrubu za kichwa, naweka kipande cha karatasi ngumu upande ulioanguka, nakaza, natazama tena. Usiku wa kwanza nilirudia mara kumi na moja. Ukija kusafisha picha yenyewe, funga tundu hadi namba 8, ndipo lenzi nyingi za enlaja zinapotoa ukali wake wote. Na kila lenzi ina negativu yake: ya milimita 50 ni ya mkanda mdogo wa 35, ya 75 au 80 ni ya sentimita 6 kwa 6. Ukiweka ya 50 kwenye negativu kubwa, pembe zitakuwa na kiza.

Vile vioo viwili vinene vya ndani vivue uvisafishe kwa kitambaa laini cha lenzi, si pindo la kanga. Ukivirudisha, tumbo la kimoja liangalie tumbo la mwenzake. Kisha washa bila negativu, tazama mwanga kwenye karatasi nyeupe. Pembe zikiwa hafifu, pandisha au shusha balbu mpaka mwanga uenee sawasawa. Balbu iwe ya maziwa, ya wati 75, isiyo na maandishi usoni, kwa sababu maandishi yataharibu usawa wa mwanga. Zile taa za kubana umeme zenye mirija zinaendelea kung'aa kidogo hata ukishazima, na karatasi ya picha inaona kila kitu.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni kuvu. Ishike lenzi dhidi ya dirisha utazame ndani; ukiona nyuzi kama za buibui, imeshaanza. Ikiwahiwa inafutika, ikichelewa inakula rangi ya kioo na haitoki tena. Lenzi yangu haikai kwenye mashine. Kila nikimaliza naitoa, naiweka kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Miaka minane ile ilitoka safi.

Kisha zima taa zote, washa enlaja peke yake, na utafute mahali inapovuja. Mvukuto wangu, ule mfuko wa mikunjo ulio kati ya negativu na lenzi, ulikuwa na matundu manne, nikayaziba kwa utepe mweusi. Ukuta wa nyuma nao niliupaka rangi nyeusi isiyong'aa, kwani mwanga unaovuja huenda ukutani ukarudi kwenye karatasi. Taa nyekundu, ile tunayofanyia kazi gizani, ijaribiwe pia. Mwaka 1991 nilitoa picha za kijivu mwezi mzima, nikailaumu karatasi nikanunua nyingine, kumbe rangi ya taa ilikuwa imebanduka upande wa juu nisikoona. Jaribio lake ni rahisi. Ipige karatasi mwanga kidogo sana wa enlaja, weka juu yake shilingi mia, iache dakika 5 chini ya taa nyekundu, halafu isafishe. Ukiona alama ya duara la sarafu, taa si salama.

Kuhusu umeme, weka stabilaiza, kifaa cha kuutuliza usipande na kushuka. Umeme ukishuka, balbu haipungui mwanga tu, inageuka kuwa ya manjano zaidi, na karatasi ya picha hula mwanga wa bluu. Ndiyo maana sekunde 12 za mchana zilikuwa hazitoshi saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa unapika na kutazama televisheni. Maji nayo: divelopa, dawa ya kuitokeza picha, inataka nyuzi 20, na bomba letu la Januari linakaribia 30. Weka trei ndani ya beseni lenye chupa za maji yaliyogandishwa.

Wapo watakaosema karatasi hazipatikani. Ni kweli Kodak iliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe mwaka 2005, lakini Ilford ya Uingereza na Foma ya Jamhuri ya Czech bado wanatengeneza, na zinaagizwa. Wengine watasema piga negativu kwa skana, yatosha. Skana ni nzuri, hata mimi mjukuu wangu hunifanyia. Lakini mwenye negativu iliyochomwa hana cha kuingiza kwenye skana. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, watu huingia wakatazama ukutani nyuso za wazee wao. Nyuso hizo zipo kwa sababu kuna aliyetunza makasha.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mwenye enlaja ya marehemu mzazi wake asiikate nguzo, aifunike shuka, negativu azipandishe juu ya kabati mbali na mchwa na maji. Vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari mkoani kwetu vikitaka chumba kimoja cha giza, nitakuja kukisimika bila malipo, na balbu za akiba ninazo sita. Mimi natafuta kishikio cha negativu cha Opemus chenye vioo, cha sentimita 6 kwa 6, changu kimepasuka. Na yule mtoto wa pazia la mnazi nimeshamsafishia picha yake. Amevaa suruali fupi na kiatu kimoja kimefunguka kamba. Kama kuna mama au dada anayemkumbuka, studio ile ilikuwa upande huu wa reli, aje aichukue.

Fundi picha mstaafu,
Ngamiani, Tanga